Kilio cha Umurerwa

Kiangazi cha mwaka wa tisini na saba, Cassien aliona moshi juu ya kijiji chake cha Bweyeye, ndani kabisa ya msitu wa Nyungwe anaoulinda, akatukana kwa Kifaransa kama alivyojifunza utotoni huko Bukavu. Moshi, jamani! Majani yamekauka, kila mtu anajua msitu wa serikali haulaliwi wala haupikiwi, halafu mtu anakwenda kuwasha moto! Warina asali hao, alijiambia, akapanda na panga lake na hasira zake.

Hawakuwa warina asali. Chini ya shitingi ya bluu, ile ya kambi za wakimbizi, walikaa mzee na mwanamke, na moto wao hata sufuria haukuwa nayo.

"Nani aliwaruhusu kulala hapa?"

"Hakuna, Papa," mzee alisema. "Mimi ni Nzabonimpa. Huyu ni Dative, muke wa marehemu mutoto wangu. Tuko kwa kilio."

Hasira zikamwishia papo hapo. Moto wa kilio anaujua: unawashwa nje, wafiwa wanakaa kando yake, na hauzimwi mpaka siku ya kuondoa msiba. Lakini kilio msituni, bila jirani hata mmoja?

"Kilio cha nani, Maman?"

"Cha binti yangu," Dative alisema. "Mwaka ule wa kukimbia vita tulipita hapa, bantu wengi. Nilimuweka chini kidogo tu, nifunge kitenge vizuri. Risasi zikalia, bakatusukuma mbele. Niliporudi, mutoto hakuna. Kule kambini, Congo, nilisema iko muzima, iko muzima. Miaka mitatu. Sasa nimechoka, Papa. Kesho tunamaliza, tunashuka, hautatuona tena."

Cassien angewatoza faini, angewafukuza. Lakini moyo si jiwe. "Basi malizeni," alisema, akaanza kufyeka majani makavu kuuzunguka moto usije ukaruka. Akauliza, ili tu asikae kimya, mtoto alikuwa mkubwa kiasi gani.

"Miaka miwili. Jina lake Umurerwa. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilishikana, tangu kuzaliwa."

Panga likasimama. Mungu wangu! Vidole hivyo Cassien anavijua. Jana tu mke wake Patricie alikuwa akivipaka mafuta.

Mwaka ule wa kukimbia, warina asali walishuka na mtoto wa kike waliyemwokota porini, mchafu, hana hata sauti ya kulia. Patricie, ambaye mawifi zake walikuwa wamemwita tasa hadi wakachoka wenyewe, alimpokea akamfunga mgongoni siku hiyohiyo. Walitangaza kanisani Jumapili mbili, hakujitokeza mtu. Wakamwita Tuyishime, na nyumba yao ikawa nyumba.

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Anyamaze tu. Kesho msiba utaisha, mama huyu atashuka ameshamzika mwanawe moyoni, na Tuyishime atakuwa wao mpaka kufa. Nani angemlaumu? Si amewahurumia? Si amewaachia moto wao?

"Poleni sana," alisema, akaondoka haraka bila kumtazama Dative usoni.

Alifika kwenye kijito, hakuvuka. Akakaa chini akalia, mwanamume mzima, akilia kwa ajili ya Patricie, akilia kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu alishajua kwamba hawezi kunyamaza. Aliporudi hakusalimia mtu. Alichota udongo kwa mikono miwili akaufukia moto.

"Papa!" Dative alipiga ukelele. "Ulisema utatuacha!"

"Muntu muzima haliliwi, Maman," Cassien alisema. "Mutoto wako iko kwangu. Na vile vidole vyake."

Mzee Nzabonimpa alipiga magoti palepale. Dative alisimama anajaribu kufunga kitenge, akakiacha nusu. Kisha akashika njia ya kushuka, mbio, Cassien nyuma yake akimjibu, mzee akiwafuata kwa mbali.

"Anakula?"

"Anakula vizuri. Anapenda sana mboga ya sombe."

"Anajua kusema?"

"Weee! Usiku ndiyo ananyamaza."

"Na Maman anamuita nani?"

"Muke wangu. Patricie."

"Patricie iko na batoto wengine?"

"Hapana. Ni huyo tu."

Mbio za Dative zilipungua. Walipofika pale paa za Bweyeye zinapoonekana, alisimama kabisa, kisha akakaa kwenye majani kando ya njia. Cassien alidhani anaumwa.

"Saa hii anamupikia?" Dative aliuliza.

"Ndiyo. Ni saa ya kula."

"Basi tukae kidogo," alisema, machozi yakimtoka. "Muache amulishe kwanza."