Kengele ya Tutazoea

Sikumtaka yule mbwa nyumbani kwangu, na nilisema hivyo mbele ya mwenyewe. Cleopas, Mkenya rafiki wa mume wangu anayeishi Westerville kule Columbus, alitushushia mwezi wa Juni: jike la kuwindia ndege, la miezi sita, jeupe lenye mabaka ya kahawia. Mkewe Jemimah alikuwa amejifungua, na nyumba yao haikuwa na nafasi ya watoto wawili.

"Nestori, my brother, mfundishe season hii moja tu," Cleopas alimwambia mume wangu. "Akishika kazi, ni wako. Akishindwa, nitampeleka kwa trainer Louisville. Huko ndiko wanajua hizi mambo."

Nestori akakubali kabla sentensi haijaisha. Nikauliza nani atafuta sakafu.

Aliyenijibu ni baba mkwe wangu, Mzee Salvatori, kwa njia yake. Huko tulikokulia mbwa alipewa jina la kumfikishia mtu ujumbe. Jirani mmbeya angekusikia kila asubuhi unamwita mbwa wako Semeni, na kesi ikaishia hapo. Basi mzee akamtazama mbwa, akanitazama na mimi, akamwita Tutazoea.

Nikajua nimeambiwa.

Lakini nisiwe mnafiki. Tangu tuje Buffalo, mzee alikuwa mtu wa kiti cha dirishani. Dirisha letu, pale Black Rock, linatazama ukuta wa kiwanda na kituo cha basi, na yeye alivitazama kutwa nzima, miaka minane. Alikula nusu sahani. Ukimuuliza habari, alisema nzuri, akarudi dirishani. Nampenda mzee yule. Alinipokea kwenye kambi ya wakimbizi nikiwa binti asiye na baba wala mama, na hajawahi kuniita mkwe, huniita mwanangu. Kumwona akiisha pale kwenye kiti kuliniuma kuliko nilivyomwambia mtu yeyote.

Tutazoea alimtoa kwenye kile kiti. Asubuhi walikwenda mtoni wawili, mzee na kofia yake, mbwa na kamba yake, na waliporudi mzee alimaliza maharage yote na kuuliza kama yamebaki. Niliendelea kulalamikia manyoya, maana sikutaka kuonekana nimeshindwa. Moyoni niliomba yule mbwa asiondoke.

Kazi ya mbwa wa aina ile ni ya pua na subira. Anatafuta kwale vichakani, na akishapata harufu anatakiwa agande hapohapo, mguu mmoja juu, mpaka mwenye bunduki afike. Akirukia, ndege amekwenda. Nestori alimfundisha uani kwa bawa la njiwa lililofungwa kwenye fimbo ya kuvulia samaki. Kufika Septemba, ukimwambia "Tulia!" alisimama hata paka wa jirani apite mbele yake.

Msimu wa kuwinda ukafunguliwa Oktoba, na mambo yakaharibika. Kila Jumamosi baba na mwana walikwenda na mbwa kwenye misitu ya vilimani, kusini mwa mji, na kila Jumamosi Nestori alirudi amenuna. Mbwa anasimama, alisema, halafu anaruka. Mzee aliinama kuvua viatu. Cleopas akapiga simu kwamba Novemba anakuja Buffalo, kwenye harusi ya rafiki yao, na kwamba ameshaongea na yule mtu wa Louisville. Jioni hiyo mzee alirudi kukaa dirishani.

Mimi si mtu wa kukaa nikangoja. Jumamosi iliyofuata nikapika maandazi, nikajaza chai kwenye chupa, nikapanda gari nao. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Msituni mbwa huvaa kengele shingoni. Vichaka ni vizito, humwoni, unamfuata kwa sauti. Ikilia anatafuta. Ikinyamaza amesimama, amempata ndege. Nestori alitangulia na bunduki, mzee na mimi tukafuata nyuma, sote tumevaa vizibao vya rangi ya machungwa. Kengele ililia kushoto, ikalia kulia, ikanyamaza.

"Tutazoea!" mzee akaita. "Tutazoea! Weee!" Alikuwa anapiga makofi na kukimbia, kofia imeanguka, mzee wa miaka sitini na ushee anaruka magogo. Kengele ikalia kwa fujo: mbwa anakuja kwa bwana wake, kama mbwa yeyote mwenye adabu. Nikasikia mabawa ya kwale yakienda zake.

Nestori hakugeuka hata kutazama. Hapo nikaelewa.

Tulipofika kwenye gari nikamvuta kando. "Ni Baba," nikamwambia. "Unajua tangu lini?"

Akaendelea kutoa risasi kwenye bunduki. "Tangu siku ya kwanza."

"Na unamlaumu mbwa!"

"Ulitaka nimwambie nini, Mama Athanasi? Baba, nyamaza?"

Kwetu mwana hamwambii baba yake anyamaze, hata nyumba ikiungua. Alikuwa tayari kumpoteza yule mbwa, na kumwacha mzee arudi dirishani, kuliko kulitamka neno hilo. Nilimkasirikia na kumheshimu kwa wakati mmoja. Na kama mwana hawezi, mke wa mwana ataanzia wapi?

Ila kuuliza hakukatazwi. Nikammiminia mzee chai, nikampa andazi kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kwenye majani yaliyolowa.

"Baba, kengele ikinyamaza, unaogopa nini?"

"Nyumbani, mbwa wa mawindo alivaa njuga, kengele ya kuchonga kwa mti," akasema. "Ikinyamaza, chui amemchukua. Unakimbia unapiga kelele, labda atamwachia."

"Huku ikinyamaza, amepata."

"Najua. Nestori aliniambia. Kichwa kimesikia, mdomo ndio mkaidi." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mwaka wa sabini na mbili, tulipokimbia mauaji kwetu, mbwa wangu alitufuata. Baba yangu akasema ile njuga itatuletea askari. Nikaijaza nyasi mwenyewe, nikazishindilia kwa kidole mpaka ikawa bubu. Kufika mto Malagarasi, mpakani, nageuka, hayupo. Nikarudi nyuma kumtafuta. Ningemsikiaje? Na kuita sikuweza, maana kuita ilikuwa kutuua sote." Akamtazama mbwa aliyekuwa anamlamba kiganja. "Basi siku hizi naita."

Nestori alikuwa amesimama nyuma yetu. Alizaliwa na kukulia kwenye nyumba moja na mzee, na hadithi hiyo hakuwahi kuisikia. Nilimwona akigeuza uso upande wa barabara.

Jumamosi ya mwisho kabla ya harusi nilikwenda nao tena. Kwetu mke wa mwana hamshiki baba mkwe mkono ovyo, kwa hiyo nilimpa mzee ncha moja ya kamba ya mbwa, nikashika nyingine.

"Baba, ukitaka kuita, vuta."

"Nitakuangusha, mwanangu."

"Niangushe."

Kulikuwa na baridi, theluji nyepesi kwenye majani. Kengele ilizunguka mbele yetu, ikapanda mteremko, ikanyamaza.

Kamba ikavutwa mpaka bega langu likalia. Ikavutwa tena. Mzee alikuwa ameuma kofia yake kwa meno na machozi yanamtoka, na mimi nilivuta upande wangu, nikatembea, yeye akafuata. Sijui tulitembea kiasi gani. Niliogopa kama yeye, hilo silifichi. Kimya kilikuwa kirefu hata mimi nilianza kuamini kwamba tutamkuta amekufa.

Alikuwa amesimama katikati ya miiba, mguu mmoja juu, mkia umenyooka, mbavu zinapanda na kushuka.

Mzee akatoa kofia mdomoni. "Kumbe yupo," akasema, kwa sauti ndogo. "Amenyamaza, na yupo."

Kwale akaruka karibu na miguu ya Nestori. Nestori alikuwa anamtazama baba yake; alipoinua bunduki, ndege alishafika mbali, na risasi ikaenda mitini. Tutazoea hakutikisika.

Cleopas alikuja harusini, akaona mbwa anavyosimama, akarudi Westerville bila kumtaja tena yule mtu wa Louisville. Manyoya yapo mpaka leo kwenye makochi yangu. Lakini siku ile, kabla hatujaondoka pale kwenye miiba, mzee alipiga magoti mbele ya mbwa na kuishika kengele. Majani makavu yalikuwa yamenasa ndani yake. Akayatoa kwa kidole, unyasi baada ya unyasi, mpaka yakaisha yote. Akaitikisa karibu na sikio lake, ikalia.

"Haya," akamwambia. "Nenda."