Zamu ya Noreen ya Kubana

Noreen Pascoe alikuwa amemsindikiza mumewe tu. Alilisema hilo mlangoni, akalirudia alipokaa na kuupakata mkoba wake. Siku ile ya kliniki ilikuwa ya Merv, na yeye alishaapa moyoni kwamba hatagusa chombo chochote cha muuguzi. Daktari alikuwa amemwambia Noreen waziwazi baada ya kuanguka bafuni: akidhoofika zaidi ya hapo, atapelekwa kwenye nyumba ya wazee kule mjini, mwendo wa nusu siku kwa gari. Tangu hapo alikuwa ameanguka tena, kwenye banda la kuku. Hakumwambia mtu. Birika alilinyanyua kwa mikono miwili Merv akiwa nje na mbwa, na chupa za jemu zilizomshinda kufungua alizirudisha kabatini akisema hana hamu.

Tegan, muuguzi, binti wa watu mpole, alimpa Merv kipima nguvu: chuma chenye mshikio na saa ndogo ya mshale.

"Kiwiko ubavuni, mzee. Ubane kwa nguvu zako zote."

Merv akabana. Loo! Mshale ulipaa hadi kilo arobaini na moja. Mikono ile ilikata kondoo manyoya miaka nenda miaka rudi, na uzee ulikuwa umemla kila mahali ukaiacha hiyo tu.

"Umeona, binti?" akacheka. "Haya, nani anasogea? Anayeshindwa ananunua bia!"

Ndivyo walivyo watu wa mabanda ya kondoo. Hawawezi kuona kitu chenye namba wasishindane. Dereva wa lori aliyekuwa akingoja dawa akajaribu, akashindwa, akazomewa kirafiki. Hapo Merv akamgeukia mkewe, macho yanang'aa.

"Haya, bibie. Zamu yako."

"Niache, Merv. Mikono ina baridi."

"Baridi ya wapi, na jua lote hili? Mnamwona huyu? Alikuwa anabeba kondoo dume mabegani!"

"Merv, nimesema niache."

Mtu mzima hovyo yule hakusikia. Alishamwekea chuma kiganjani. Watu wanatazama, wanatabasamu. Angezidi kukataa, wangeuliza kwa nini. Noreen akabana mpaka meno yakamuuma. Mshale ukajikokota hadi tisa, ukagoma.

Dereva wa lori akainama kutafuta kofia yake.

"Rudia, mama," Tegan akasema taratibu.

Nane. Tegan akamwomba asimame kutoka kitini bila kushika popote. Noreen akajaribu, akanyanyuka kidogo, akarudi chini. Basi, siri yote nje, tena kwa mzaha wa bia! Alimchukia mumewe wakati ule, alimchukia hasa.

"Umeanguka tena?" Tegan akauliza.

Noreen akaitikia kwa kichwa.

Tegan akavuta kiti akakaa karibu naye. Mkono ukilegea namna hii, alisema, mara nyingi ni misuli ya mwili mzima inayokwisha, miguu nayo imo. Itabidi amwambie daktari leo. Kule mjini kuna kitanda kimepatikana.

"Mimi nitamwangalia," Merv akasema.

"Wewe unajiweza kukaa nyumbani, mzee, lakini moyo wako mbovu. Akianguka utamwinuaje?"

Uso wa Merv ulikuwa umemparama. Halafu akakichukua kile chuma.

"Nipime tena mimi. Ile ya kwanza ilikuwa bahati."

Akabana. Mshale ukafika saba. Noreen aliutazama mkono wa mumewe: mishipa imelala, vidole vimelegea. Maisha yao yote hakuwahi kumwona akimwachia mtu ashinde, hata watoto wao kwenye karata. Hasira ikamtoka.

"Umeona," Merv akasema, sauti ikimtetemeka. "Nimekwisha mimi. Tuandikie wote wawili, binti."

Tegan akamtazama, akatazama sakafu.

"Kitanda ni kimoja, mzee wangu."

Tegan akanyoosha mkono achukue chombo chake. Akakivuta polepole, kisha akakivuta kwa nguvu, lakini Merv hakukiachia.