Kumshtaki Hamisi

Aidan, wakala wa bima, alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio uliomchosha Bibi Walburga. Angekuwa mkali, angejua namna ya kumjibu. Lakini alimwamkia vizuri, akamvutia kiti chenye mto, hata akainama mwenyewe kuuinua ule mguu mbovu na kuuweka juu ya kigoda. Halafu, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa, akamwambia kwamba hawezi kulipwa.

"Tatizo, bibi, mlishamalizana na huyo kijana."

"Tulimaliza hasira," alisema Bibi Walburga. "Mguu haujaisha."

Binti yake Noela, aliyekaa pembeni, alishusha pumzi. "Mama, nilikwambia."

Kweli alimwambia asikimbilie kusamehe. Kabla ya Kwaresima, pikipiki ya abiria ambayo Hamisi aliendesha kwa niaba ya tajiri wake ilimgonga Bibi Walburga pale Msamala, mbele ya genge la nyanya, kijana akiwa anatazama simu. Ni Hamisi huyohuyo aliyemwokota, akampeleka hospitali, akalala kwenye benchi la wodini bila kuombwa na mtu. Halafu baba yake mdogo, Mzee Abdulatifu, akapanda basi kutoka Namasakata na jogoo kwapani kuja kuomba radhi. Wanajumuiya wa kanisani wakajaa sebuleni kwa Bibi Walburga, wakasali, wageni nao wakaomba dua, wote wakala wali. Nani angekaa na kinyongo baada ya hapo? Kesho yake, mguu ukiwa kwenye hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, bibi alibebwa hadi kituo cha polisi, akamwambia Afande Devota wa usalama barabarani kwamba hana kesi na mtu.

Hogo lilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Daktari alisema ukatwe upya na kufungwa chuma, na asichelewe. Akichelewa, magongo ni ya maisha. Gharama yake hawaiwezi. Tegemeo lilikuwa bima ya ile pikipiki.

"Sisi hatulipi kwa sababu mtu kaumia," Aidan alieleza. "Tunalipa kwa sababu mteja wetu kakosa. Na wa kusema kakosa ni hakimu."

"Mwenyewe anasema kakosa! Yuko hapo nje, mwite umuulize."

"Namwamini, bibi. Ila wakubwa wangu Dar wanataka hukumu."

"Kwa hiyo ningemchukia tangu mwanzo, leo ningekuwa natembea?"

Aidan akatazama meza. Kisha akainama tena, akamsaidia kuushusha mguu.

Nje, Hamisi alikuwa amekaa kwenye bajaji aliyoazima kwa rafiki yake ili ambebe bibi. Noela akamweleza yote kwa sauti ya juu, kama vile ndiye aliyezitunga hizo taratibu. Kijana alisikiliza, akakuna kidevu.

"Basi nishtaki, bibi."

"Hebu niondolee balaa!" Bibi Walburga akagonga gongo chini. "Mtu anaomba ashtakiwe kama anaomba maji ya kunywa? Watakunyang'anya leseni, wewe. Utakula nini?"

"Mguu je?"

"Mguu ni wangu."

"Niliyeuvunja ni mimi."

"Bishaneni mpaka jioni," alisema Noela, "mfupa unawasubiri."

Mwishowe bibi akapanda bajaji akinung'unika, wakaenda kituoni. Afande Devota alipowaona watatu wakiingia, mgonjwa ameshikwa mkono na mtuhumiwa, alicheka mpaka akafuta machozi.

"Jalada sikulifunga, bibi. Nililiweka pembeni. Nilijua utarudi. Wote mnaosameheana kabla ya hogo kutoka, huwa mnarudi."

"Si ungeniambia!"

"Nilikwambia subiri. Ukaniambia nina roho ngumu."

Bibi Walburga alikumbuka, akaona haya. Akamwomba radhi. Afande akamletea kiti.

Siku ya mahakama, Hamisi alifika amevaa shati la Idi. Macho yalikuwa mekundu. Tajiri wake, mwenye pikipiki, alikuwa amemwita jana yake, akamwambia akane: aseme bibi alikatiza barabara ghafla, kama mbuzi. Akikubali kosa, pikipiki asiiguse tena.

"Na wewe ukamjibuje?" Noela alimuuliza kwenye veranda.

"Sikumjibu, dada."

Noela akamgeukia mama yake. Bibi alimwelewa. Kijana akikana, kesi itavutwa mpaka mfupa ukomae ulivyopinda. Na kumwambia asikane, Bibi Walburga hakuweza. Kwa kinywa gani? Alitamani kumpiga gongo kila mtu aliyekuwa pale: mwenye pikipiki, Aidan na wakubwa wake, na yeye mwenyewe pia.

Karani akasoma shtaka la kuendesha bila uangalifu. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, akamuuliza mshtakiwa kama ni kweli.

Hamisi aligeuka, akautazama mguu wa bibi. Feni ilizunguka. Noela akamshika mama yake goti, lile zima.

"Ni kweli, mheshimiwa. Nilikuwa natazama simu. Bibi alikuwa pembeni kabisa."

Hakimu akamgeukia Bibi Walburga. "Naambiwa ulishamsamehe. Na bado unataka atiwe hatiani?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Vyote viwili. Msamaha nimempa mimi. Hilo kosa wameniagiza watu wa bima."

Watu wakacheka. Hakimu naye akainamisha uso kidogo, kisha akaandika. Hamisi hakufungwa, ila leseni ilizuiwa mpaka mwakani.

Nje, Noela alikuwa ameshampigia Aidan, anatabasamu: hukumu ikifika tu, madai yanapanda Dar, daktari apange siku.

"Unachekelea nini?" mama yake alimkaripia. "Mtoto wa watu kasema kweli, kapoteza kazi. Angedanganya angekuwa barabarani sasa hivi, anatafuta abiria. Hii ni akili gani?"

Hamisi alitoka wa mwisho. Uso ulikuwa umemshuka, lakini neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Daktari kasema lini, bibi?"

 Bibi Walburga akajifanya anatengeneza khanga.

"Atasema," alisema baadaye.

"Bibi yangu, nakuomba ra..." Hamisi alianza.

"Koma!" Bibi akamkabidhi gongo moja, akamshika bega. "Nishushe hizi ngazi polepole. Na msamaha usiniombe tena kabla hawajalipa, utatuharibia."