Mwanamke Aliyekimbiza Mabata Bukini

Metodi Ganchovski alikuwa na maoni juu ya kila filamu ya vichekesho iliyowahi kuonyeshwa mjini Lom, na hakuwahi kumnyima mtu maoni hayo. Kwa miaka ishirini na sita aliongoza klabu ya sinema katika nyumba ya utamaduni, kwenye ukumbi wa viti sitini vya mbao. Kila Jumapili saa kumi alasiri alisimama mbele ya pazia jeupe, kabla filamu haijaanza, akawaeleza watu wacheke wapi na kwa nini. Kabla ya kustaafu alikuwa mchoraji wa ramani za majengo katika bandari ya mtoni, lakini ukimtaja mjini, watu walisema: aa, yule wa vichekesho.

Hoja yake ilikuwa moja tu, na wanachama waliijua kama sala. Zamani, alisema, mtu aliingia mlangoni, akaufunga, akavua kofia, akatafuta mahali pa kuitundika, akakosa, na wewe tayari mbavu huna. Siku hizi mtu huyohuyo anaingia mara tano kutoka pembe tano, muziki unapigwa ili ujue kwamba hapo ndipo pa kucheka, kisha anajamba. Wakiishiwa akili wanavua suruali. Wakimaliza kuvua suruali wanatukana.

Aliyethubutu kumbishia alikuwa Ivayla peke yake, msichana wa maktaba aliyeendesha mashine ya kuonyeshea. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na kila alipoleta filamu mpya Metodi aliitazama huku amekunja mikono kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

"Mzee Metodi, hata zamani walivua suruali," Ivayla alimwambia siku moja wakipanga viti. "Juzi tumewaona ndugu wawili wakigombea suruali moja dakika tisini nzima."

"Ile suruali ilikuwa umaskini, binti yangu. Ilikuwa na maana yake."

"Na yule kiziwi wa posta, wa filamu ya Jumapili iliyopita? Ukumbi mzima ulimcheka."

"Walicheka naye. Hawakumcheka. Hapo ndipo unapokosea wewe na wenzako. Wale watengenezaji wa zamani walimpenda mtu waliyemwonyesha. Hakuna aliyeumia."

"Kiziwi mwenyewe aliulizwa?"

Metodi alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kwa nini mwezi hauanguki, akaendelea kupanga viti.

Mkewe, Zlatka, hakukanyaga ukumbi ule hata mara moja. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na Jumapili alasiri daima alikuwa na nguo ya mtu ya kumaliza. Metodi aliigeuza hiyo ikawa mzaha wake wa kufungulia kipindi. "Mungu alinipa mke mwema," aliwaambia watu, "ila alisahau kumtia kicheko." Watu walicheka. Wazee wawili watatu wa mjini waliangalia sakafu, lakini Metodi hakuwaona. Yeye alizaliwa mji mwingine, Vidin, akaja Lom kwa ajili ya kazi, akaoa hapo.

Zlatka alifariki mwezi wa Februari, kwa ugonjwa wa figo. Mwaka ulipotimia, mdogo wake, Rumyana, alikuja kwa basi kutoka Vratsa kwa ajili ya kumbukumbu. Padri alisoma sala kaburini, watu wakala ngano iliyochemshwa na kutiwa sukari na jozi, divai ikamwagwa juu ya udongo. Waliporudi nyumbani Metodi akamwambia, "Shemeji, kesho usiondoke mapema. Nimeandaa kitu kwa ajili yake."

"Kitu gani?"

"Filamu. Nimeitoa kwa jina lake. Wamebandika karatasi mlangoni, 'Kwa kumbukumbu ya Zlatka Ganchovska'."

Rumyana alikuwa anamenya chungwa. Aliweka kisu chini. "Filamu gani?"

"Ile iliyopigwa hapa Lom. Najua hakuwa mtu wa sinema, lakini ni ya mji wake. Nataka siku moja tu awe pamoja nasi mle ndani."

Rumyana alimwangalia kwa muda mrefu, kama anayetafuta usoni mwake kitu alichokuwa na hakika kwamba kipo. Kisha akasema basi lake litaondoka saa moja jioni, atakuja.

Filamu hiyo iliitwa "Mkaguzi na Bata", na ilipigwa mwaka 1973. Mkaguzi anatumwa kutoka mji mkuu kuhesabu mabata bukini wa ushirika, na mji mzima unamkimbiza huku na huku ili asigundue kwamba mabata karibu wote wameshaliwa. Metodi aliipenda kuliko zote. Kila tarehe mosi Aprili, siku ya mizaha, klabu iliionyesha, na watu walijua maneno yake kwa moyo.

Ukumbi ulijaa. Metodi alisimama akasema kwamba Zlatka hakujua kucheka kwenye sinema, lakini leo atamsamehe mumewe. Akaketi kando ya Rumyana, mstari wa mbele.

Karibu na katikati ya filamu mkaguzi anahutubia uwanjani, na nyuma yake mabata bukini saba wanapita mbio, na nyuma ya mabata anapita mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani, nyonga moja imeteguka tangu utotoni, anayumba kushoto na kulia, mikono ameitanua, akienda sawasawa kama mabata wenyewe. Mkaguzi anageuka, anamwangalia, anaandika kwenye daftari: nane. Ukumbi ulilipuka. Metodi alicheka mpaka machozi, kama alivyocheka kila mwaka, akamgeukia shemeji yake ili wacheke pamoja.

Rumyana hakuwa akicheka. Alikuwa anatazama mbele, mkoba ameupakata.

"Unamjua yule?" aliuliza polepole.

"Yule? Mtu wa mtaani tu, walimwokota hapahapa. Mwigizaji wa kulipwa asingeweza kukimbia vile."

"Ni mama yetu," Rumyana akasema.

Metodi hakumfahamu mama mkwe wake. Alifariki miaka mitatu kabla ya harusi yao, na picha yake nyumbani ilikuwa ya uso tu. Alitaka kusema kitu lakini watu walikuwa bado wanacheka. Angeweza kusimama na kumwambia Ivayla azime mashine. Aliwaza hivyo, akawaza pia vichwa sitini vikimgeukia, akabaki ameketi. Na kwa kuwa vichekesho hupenda kurudia kinachochekesha, mwanamke yule alipita tena mwishoni, safari hii akielekea upande wa pili, na mkaguzi akafuta nane akaandika kumi na sita.

Taa zilipowaka Ivayla alimwomba, kama ilivyokuwa desturi, aseme neno juu ya vichekesho vya zamani na vya sasa. Metodi alisimama. Hakuna lililomjia isipokuwa yale ya siku zote, nayo yalitoka yenyewe: mlango, kofia, pembe tano. Alipofika kwenye "hakuna aliyeumia" alisikia kiti kikigongwa. Rumyana alikuwa anatoka.

Alimkuta kituo cha basi, ameketi kwenye benchi, koti amelifunga hadi shingoni.

"Shemeji, naapa sikujua."

"Ulijua."

"Nani aliniambia?"

"Zlatka. Mwaka ule mlipooana, mkiishi kile chumba cha bandarini. Alikuambia yule wa mabata ni mama. Kesho yake akanipigia simu kutoka posta, analia. Unajua ulimjibu nini? Ulimwambia, sasa mbona mnasikitika, mama yenu ndiye kitu kizuri kuliko vyote mle. Ukamwambia ajivune."

Metodi alitafuta kichwani mwake. Alikumbuka chumba, alikumbuka jiko la kuni lililokuwa likitoa moshi, alikumbuka hata rangi ya pazia. Maneno yale hakuyakuta popote.

"Sikumbuki," akasema.

"Najua hukumbuki. Ndiyo maana hakurudia tena."

Basi lilikuwa halijafika. Rumyana alizungumza huku akitazama barabara, bila kupandisha sauti. "Walimwambia wanataka mabata wapite nyuma ya mkaguzi. Akaleta wa kwake, saba. Aliwaogesha asubuhi ile, shemeji, kwa sabuni. Mabata wakaogopa taa, wakakimbia, akawakimbilia. Wao wakapiga picha, wakamshukuru, wakampa chupa ya divai. Filamu ilipokuja tulikwenda sote. Mama alivaa gauni lake la Pasaka. Alidhani ataonekana amesimama na mabata wake."

"Na baadaye?"

"Baadaye watoto walimfuata njiani wakiyumba. Akauza mabata. Sokoni hakwenda tena, kanisani hakwenda. Maji ya bomba la mtaani aliyachota kabla hakujapambazuka. Miaka mitano hivyo. Sikuambii filamu ilimwua, moyo wake ulikuwa mbovu. Nakuambia alivyoishi."

"Angeniambia tena. Miaka arobaini na moja, Rumyana. Angeniambia hata mara moja nyingine."

"Hata nyumbani, mezani, uliwaambia wageni kwamba hana kicheko. Mbele yake. Nilikuwepo." Basi lilikuwa linakata kona. Aliinuka. "Mwakani nitakuja kaburini mwenyewe. Usiniandalie kitu."

Wiki zilizofuata Metodi hakutoa maoni yoyote. Ivayla alileta filamu mpya ya mpishi anayeficha simu kwenye supu, watu wakacheka, naye alipoulizwa alisema hajui. Hapo ndipo Ivayla alipomfuata hadi nyumbani, akapewa chai, akaelezwa yote. Kisha akasema wataitoa ile filamu kwenye ratiba ya Aprili.

Haikutoka. Mkurugenzi wa nyumba ya utamaduni alisema matangazo yamekwisha kubandikwa, na kwamba watu wa Lom bila bata wao siku ya mizaha ni sawa na Pasaka bila mayai. Metodi alimsikiliza kwa adabu. Akasema basi, yeye atazungumza kabla, kama kawaida.

Tarehe mosi Aprili watu walikaa hadi kwenye ngazi. Metodi alisimama mbele ya pazia, akawaambia kwamba mwanamke wa mabata aliitwa Gergina, kwamba alikuwa mama wa mke wake, kwamba hakuambiwa atafanywa nini. Akaeleza juu ya sabuni, na gauni la Pasaka, na bomba la maji kabla ya alfajiri. Akasema alikuwa amewafundisha uongo miaka ishirini na sita, kwamba zamani hakuna aliyeumia. Aliomba, itakapofika sehemu ile, wasicheke.

Wanawake wawili walikuwa wanafuta macho. Ndipo Spiridon wa duka la vyuma, mtu wa miaka sitini na mbili, aliponyanyuka mstari wa nne, ameshika kofia mikononi.

"Ni kweli, Mzee Metodi," akasema. "Alikuwa jirani yetu. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wale watoto. Gergina alikuwa mtu mwema sana, Mungu amrehemu. Alitugawia jozi." Akatikisa kichwa. "Lakini ilikuwa zamani, hakuna aliyekusudia ubaya. Na alivyokuwa akikimbia yule mama, we acha tu."

Akatanua mikono kidogo, akayumba kushoto, akayumba kulia.

Mtu mmoja nyuma alijaribu kukizuia kicheko, kikamtoka puani. Mwingine akafuata. Kisha kikasambaa kwenye viti, na walewale waliokuwa wanafuta macho wakawa wanayafuta kwa sababu nyingine. Ivayla hakuwasha mashine, alikuwa amefunika uso kwa viganja. Mkurugenzi akaenda akaiwasha mwenyewe.

Metodi alibaki amesimama mwanga ukimpiga kifuani, kivuli chake kikiwa kimefunika majina ya waigizaji, mpaka mtu akamwambia kwa upole, "Mzee, tunaomba ukae, hatuoni."