Kulala Mzungu wa Nne

Kitinda alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne na bado hakuweza kulala bila kushikwa miguu. Cheka ukitaka. Hata yeye alikuwa akijicheka mchana, akiwa amesimama na pasi yake katika chumba cha kufulia nguo za hospitali, ambako wenzake walimjua kwa mdomo mwepesi na utani usiokwisha. Usiku ilikuwa habari nyingine. Akijinyoosha tu kitandani na taa ikazimwa, nyayo zilianza kumtekenya kwa ndani, mahali ambapo ukucha haufiki. Hayakuwa maumivu. Yangekuwa maumivu angalau angepata la kumweleza daktari bila kuona haya. Ulikuwa mtekenyo, kama sisimizi wanaohama nyumba, na miguu ikawa haikubali kutulia, inataka kurushwa, kusuguliwa, kutembezwa chumbani kama mtoto mwenye homa.

Alikuwa amejaribu kila alichoambiwa: maji baridi kwenye beseni, maji ya moto yenye chumvi, mafuta, soksi, kuvua soksi, kuzifunga nyayo kwa kitambaa mpaka zikafa ganzi. Muuguzi mmoja wa wodi ya wanawake alimpa vidonge vya kuongeza damu na kumwambia apunguze chai ya jioni, na kweli kwa wiki chache alipata nafuu kidogo. Lakini dawa ya uhakika ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa dada yake.

Walikuwa wamelala kitanda kimoja tangu utotoni, mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule. Zamani sababu ilikuwa uhaba wa vitanda. Baadaye wote wawili walikuwa na kazi pale hospitalini, na vyumba viwili vya kupanga, na kitanda cha pili kingepatikana, ila hakuna aliyewahi kukitaja. Kila usiku Dada aliipokea ile miguu, akaikumbatia kifuani na kuzibonyeza nyayo kwa vidole gumba, taratibu. Mtekenyo ulinywea. Kitinda akalala usingizi wa pono. Dada mwenyewe alikuwa akilala saa ngapi? Kitinda hakuwahi kumuuliza hata siku moja, na tuseme ukweli, haikumpitia akilini.

Dada alibakiza miaka miwili kutimiza hamsini. Ndiye aliyekuwa mshonaji wa hospitali. Meza yake ilikuwa pembeni ya dirisha, na mashuka yaliyochanika yalipita mikononi mwake na kurudi wodini yakiwa mazima. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Ujanani aliwahi kuposwa mara moja, mama yao akaugua, na posa ikafifia huku yeye akimwogesha mgonjwa. Tangu hapo watu walikuwa wameshamzoea vile alivyo.

Kisha akaja fundi rangi. Aliletwa kupaka kuta za korido na za chumba cha kufulia. Alikuwa mgane, mpole, watoto wake wawili wameshaondoka na kuanza maisha yao. Siku ya kwanza alikwenda kwa Dada kuomba shuka bovu la kutandika sakafuni ili rangi isidondokee vigae. Siku ya pili akaomba jingine. Kufikia Ijumaa alikuwa na mashuka ya kutosha kufunika hospitali nzima pamoja na ua wake, na wenzao wakaanza kumuuliza kama anapaka rangi au anafungua wodi mpya. Dada aliinamia mashine yake na kulitabasamia lile shuka alilokuwa akishona, na kila mtu akaona.

Kitinda alifurahi. Asisingiziwe, kwa siku tatu nzima alifurahi kwa moyo wake wote, na ndiye aliyeongoza utani. Siku ya nne shangazi yao akaanguka bafuni, na Dada akaenda kulala kwake kumwangalia. Kitinda akabaki peke yake kitandani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Hakulala hata lepe. Alizunguka chumbani peku, akaloweka miguu, akaisimamisha kwenye saruji, akarudi kitandani, akatoka tena, mpaka majogoo. Asubuhi aliunguza koti la daktari kwa pasi, na msimamizi akamwambia mbele ya watu kwamba likiungua la pili asisumbuke kurudi.

Hapo ndipo furaha ilipomtoka na hofu ikaingia. Dada akiolewa, usiku huu mmoja ungekuwa usiku wake wa kila siku. Alimwazia yule mwanamume na kuona mtu anayekuja kumchukulia usingizi wake, kazi yake na mkate wake. Hakuliona hilo kuwa choyo. Aliliona kuwa hesabu tu, na waoga wote huiita hivyo.

Alhamisi ya juma la pili alikuwa nyuma ya jengo akianika mashuka. Fundi rangi akaja, akasimama kati ya kamba mbili, akavua kofia. Sikioni alikuwa na tone la rangi nyeupe.

“Shemeji,” akasema, kisha akaona haya kwa kulitamka neno hilo mapema. “Nimezungumza na dada yako. Ameniambia nije kwako. Anasema ukikubali wewe, na yeye amekubali.”

Kitinda alikuwa amebana kibanio kwa meno. Alikitoa. Jibu lilikuwa neno moja, tena fupi, na alilijua. Alikuwa hajawahi kuona mtu mzima akisubiri jambo kwa uso ulio wazi namna ile.

“Fundi, dada yangu ana haya,” akasema. “Hawezi kumkatalia mtu usoni. Mtu akimwambia neno kama hilo, naye akamwelekeza kwangu, ajue ameshajibiwa.”

Ulikuwa uongo uliovaa nguo za heshima, na ndiyo maana ulipita. Ni kweli watu wastaarabu hukataa hivyo, kwa kumtuma mtu kwa ndugu. Fundi rangi aliirudisha kofia kichwani. Akasema hakujua, na kwamba Kitinda amwombee radhi kwa dada yake kama amemsumbua. Kesho yake yale mashuka yote yalikutwa kwenye meza ya Dada, yamefuliwa na kukunjwa. Aliyaleta saa ya chakula, wakati Dada hayupo. Jumamosi kazi ikaisha, ngazi na ndoo zikapakiwa garini, akaondoka.

Dada alingoja. Hakuna aliyemwona akingoja isipokuwa aliyejua. Alijipaka mafuta mikononi kila asubuhi, akaketi dirishani, akainua kichwa mlango ulipofunguliwa. Siku kumi zilipopita, usiku, sauti yake ikatoka upande wa pili wa kitanda.

“Yule fundi aliwahi kukwambia neno?”

“Neno gani?”

“Basi.”

Vidole gumba viliendelea kubonyeza vilevile. Kitinda alilala vizuri sana usiku ule, na baadaye hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi kwake kujisamehe. Laiti angalau angekosa usingizi.

Mwaka ukapita. Mafuta ya mikono yakaisha chupani na hayakununuliwa mengine. Dada hakukonda, hakuugua, hakulalamika. Aliacha tu kuinua kichwa mlango ukifunguliwa. Kitinda alimzidishia utani, akamnunulia viatu, akamwekea kipande kikubwa cha nyama kila walipopika, na Dada alishukuru kwa kila kitu kwa sauti ileile. Mara mbili Kitinda alifungua kinywa kusema. Mara zote mbili aliuliza kama mlango umefungwa.

Halafu jioni moja Dada alichelewa kutoka kazini. Aliingia, akaweka mkoba, akaanza kukunja nguo zilizokuwa kitini. Alikunja blauzi tatu kabla ya kusema.

“Leo nimeonana na fundi rangi. Wanapaka wodi ya watoto.”

Dada alikuwa akizungumza bila kumtazama, kwa utulivu wa mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Fundi alikuwa amemfuata mpaka mezani kumsalimia na kumwomba radhi kwa usumbufu wa mwaka ule. Alikuwa amesema kwamba Kitinda alimweleza vizuri na hakumvunjia heshima, na kwamba yeye hakuweka kinyongo. Sasa ameoa, ni miezi sita. Mkewe ni mtu mwema.

“Dada, ni miguu,” Kitinda akasema. Alikuwa ameshapiga magoti sakafuni bila kujua amefikaje hapo. “Niliogopa. Ni hii miguu.”

“Najua ni miguu.” Dada aliendelea kukunja. “Nilimweleza habari za miguu yako tangu siku aliyoanza maneno yake. Nikamwambia siendi mahali bila mdogo wangu. Akasema nyumba yake ina vyumba vitatu. Akauliza unapenda rangi gani. Nikamwambia nenda kamuulize mwenyewe, na lile jambo letu limalizie hukohuko.”

Kitinda alishika upindo wa gauni la dada yake kama alivyofanya akiwa na miaka mitano.

“Mimi sikuwahi kujua kujisemea,” Dada akasema. “Nilikuachia wewe kwa sababu nilijua utanisemea vizuri.”

Hakupandisha sauti. Angepandisha, angetukana, angetupa zile nguo ukutani, Kitinda angepata pa kushika. Lakini Dada aliutoa upindo mkononi mwake polepole, akaenda kuweka nguo kabatini, akasonga ugali, wakala. Kitinda alilia juu ya sahani, na Dada akamsogezea maji ya kunywa.

Walipokwenda kulala, Kitinda alitandika mkeka chini. Hakuthubutu kupanda kitandani. Alilala chali, na mara mtekenyo ukaanza, ukapanda kutoka kisiginoni hadi kwenye vidole, akauvumilia. Aliuma kona ya shuka. Aliona kuwa ni haki yake, hata akautaka uzidi. Miguu ilimrukaruka ikagonga mguu wa kitanda, mara moja, mara ya pili.

“Panda,” sauti ya Dada ikasema gizani.

“Niache, dada.”

“Kesho kuna mashuka ya wodi mbili. Ukiunguza tena watakufukuza. Panda, lete miguu.”

Akapanda. Alilala mahali pake pa siku zote, akainyoosha miguu kama mtu anayekabidhi kitu alichoiba. Mikono ya Dada ikaipokea. Kitinda alitega akili yake yote kwenye ile mikono akitafuta hasira, akitafuta ulegevu, akitafuta tofauti yoyote ile. Hakuipata. Vidole gumba vilibonyeza pale pale, kwa uzito uleule, na baada ya muda mtekenyo ukaanza kunywea.

Ndipo mgongo wa mguu wake ulipohisi tone la maji, likafuatwa na jingine. Dada alikuwa akilia bila sauti, na hakuwa ameiacha miguu ili ajifute. Kitinda alilala macho mpaka asubuhi, ametulia kabisa, hakusogeza hata kidole.