Mawimbi Ndani ya Jiwe

Mvua ilinyesha usiku mzima, lakini Jumapili baada ya misa jua likawaka juu ya Nyangezi. Colombe na mdogo wake Firmin walitoka Bagira kwa pikipiki, godoro la sponji limefungwa nyuma, kuja kupanda jiwe kubwa la mchanga lililosimama kando ya shamba la mihogo. Hawakutumia kamba. Walipanda kwa vidole na miguu, na aliyeanguka alipokelewa na godoro. Colombe alikuwa amelijaribu kiangazi chote bila kufika juu.

Firmin alipapasa jiwe. "Iko kavu, yaya," alimwambia dada yake. "Haina hata tone."

Colombe alichutama, akachimba udongo chini ya jiwe. Juu ulikuwa vumbi. Ndani kidogo ulinata kwenye kucha. Kisha akaegemeza shavu kwenye jiwe. Lilikuwa baridi kama mtungi.

"Juu iko kavu, lakini ndani maji ingali," alisema. "Jiwe ya mchanga ikilowa inamegeka kama mukate. Turudi siku ingine."

"Tumetoka mbali vile, turudi bure? Niache nijaribu hapa chini tu."

Kabla dada yake hajamzuia, Firmin alishika ukingo, akajivuta. Jiwe lilimegeka bila kishindo, naye akajikuta amekaa kwenye godoro, bamba zima mapajani.

Colombe alifungua kinywa amgombeze, lakini macho yake yakaenda kwenye jiwe.

Pale lilipomegeka, jiwe lilikuwa jekundu, bichi, limejaa mawimbi madogo yaliyopangana, kama yale ambayo ziwa huyaacha mchangani asubuhi tulivu. Firmin alisogea, akayagusa kwa kidole kimoja.

"Hii ni maji ilifanya," alisema kwa sauti ya chini.

"Ni maji."

"Lini?"

"Zamani sana, mbele ya watu. Pengine mbele ya hii milima."

Walikaa pale mpaka alasiri, wakiangalia jua likiyakausha, wekundu ukififia kuanzia pembeni. Firmin aliomba msamaha. "Siko na kasirani," Colombe alimwambia, na ilikuwa kweli.

Walirudi kwenye jiwe siku nyingine, mvua ilipokuwa imepumzika siku kadhaa. Safari hii udongo ulikuwa mkavu hadi chini, na jiwe lilikuwa na joto. Ukingo aliouzoea haukuwepo tena, hivyo Colombe alipitia kushoto, taratibu, akafika juu. Hakushangilia. Alilala kifudifudi, kichwa kikining'inia, akiyatazama mawimbi kutoka juu.

Firmin alipomfuata, alizunguka mbali, asiyaguse hata kwa kidole cha mguu.