Wiki Moja kwa Mluzi

Fundi alikuwa ameipanga safari yote kichwani, siku baada ya siku, na hakukuwa na siku hata moja aliyoiweka kwa ajili ya kutazama kitu.

Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mkewe. Kazi yake ilikuwa kusuka viti. Ukimpelekea kiti kilichobonyea, alikipapasa kikalio, akang'oa kamba zilizochakaa, akakuambia uje keshokutwa, na ukija unakikuta kimekaza kama ngoma. Hakuona tangu utotoni. Ufundi huo aliupata katika shule ya wasioona, na huko huko ndiko alikompata rafiki yake wa kufa na kuzikana, Mluzi.

Hilo halikuwa jina la kuzaliwa. Fundi alipopelekwa shuleni alikuwa mdogo, analia kutwa, hajui bweni liko wapi wala choo kiko wapi. Mluzi, aliyetangulia kufika, alitembea mbele yake kwenye korido akipiga mluzi, na Fundi akawa anaifuata sauti. Wakakua hivyo. Masomo yalipokwisha mmoja alirudi kwao na viti vyake, mwingine akaenda jijini na kupata kazi ya kupokea simu kwenye ofisi kubwa. Kila Ijumaa jioni Mluzi alimpigia rafiki yake. Hakuanza kwa salamu. Alianza kwa mluzi, ule ule wa korido, na Fundi alikuwa anacheka kabla ya kusema neno.

Miaka nenda miaka rudi Mluzi alimwita jijini, na Fundi akawa anapiga chenga: viti vya watu, mguu unauma, mvua. Mwaka huu alikubali. Labda ni kwa sababu Mluzi alimwambia kwamba kifua kinamsumbua na kwamba wao si vijana tena. Hapo ndipo wakaanza kupanga, simu hadi simu.

Jumatatu Fundi na mkewe wangefika na kupumzika. Jumanne wangepanda lifti hadi juu kabisa ya jengo refu kuliko yote, wasimame kwenye kibaraza, wasikie upepo wa huko na jiji zima likinguruma chini. Jumatano Mluzi angewapeleka ofisini, amvalishe Fundi vile visikilizio vya masikioni asikie simu zinavyoingia kama nyuki. Alhamisi ni bendi ya polisi, ambayo hufanya mazoezi bustanini. Ijumaa ndiyo iliyomnyima Fundi usingizi kwa furaha. Nyuma ya uwanja wa ndege kulikuwa na barabara ambako ndege hupita chini sana zinapotua, kiasi kwamba, Mluzi alisema, zinakupita kifuani.

Mkewe hakutaka kusikia habari hiyo. Yeye alikuwa anapiga pasi mashuka katika nyumba moja ya wageni, na jiji alilijua kwa wageni wake tu: wanalala kidogo, wanaacha taa zinawaka, wanagombana na simu bafuni. Alimuuliza mumewe ni nani atakayemwongoza mwenzake huko, maana yeye mwenye macho hajui njia, na Mluzi anayejua njia hana macho. Fundi akaweka simu kwenye spika, na Mluzi akajibu mwenyewe.

"Shemeji, usihofu. Huku hata wenye macho wanagongana. Wewe shika mkoba wako, mengine niachie mimi."

Mke alicheka, akajuta kucheka, kwa sababu toka siku hiyo safari ikaanza kumwingia. Aliomba likizo kwa msimamizi wake. Alinunua viatu vya kutembelea, akawa anavivaa ndani ya nyumba ili vilainike. Akiwa kwenye meza ya pasi, mvuke ukimpanda usoni, alijikuta anawaza hizo ndege. Siku moja alimwambia mumewe, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba na yeye angependa kupewa siku. Fundi akampa Jumamosi yote.

"Hiyo ni yako. Utakakotaka twende, sisi tutakufuata."

Alichagua duka lenye ngazi za umeme, zile zinazokupandisha umesimama tu. Hakumwambia mtu mwingine yeyote. Aliona aibu, mtu mzima, kufurahia ngazi.

Ilikuwa imebaki kama wiki moja na nusu simu ilipoita. Fundi alikuwa amekwenda kupeleka viti kwenye zahanati na ameiacha simu kwenye chaji, mkewe akaipokea. Aliyepiga alikuwa dada yake Mluzi, ambaye hawakuwahi kuongea naye. Alijitambulisha, akasalimia vizuri, kisha akasema kaka yake alizidiwa na kifua, akapelekwa hospitali, na hakutoka. Walikuwa wamemzika jana. Namba ya Fundi walichelewa kuipata kwa sababu Mluzi alikuwa nayo kichwani, hakuiandika popote. Akaomba Fundi aambiwe polepole.

Mke wa Fundi aliahidi. Aliirudisha simu kwenye chaji kama alivyoikuta, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kupanga maneno. Alipoyapata, Fundi akaingia huku akiimba. Viti vilikuwa vimepokelewa bila maneno, na akiwa njiani alikuwa amepata wazo: atamsukia Mluzi kigoda. Tena kamba anazo, zile nzuri alizokuwa anazibania. Alivuta mkono wa mkewe, akamwekea kamba kiganjani ili asikie ulaini wake. Mkewe akasema ni laini kweli. Kisha akatoka nje kuanua nguo ambazo bado zilikuwa zinachuruzika maji.

Alijiambia kesho. Kesho yake Fundi alikuwa ameanza kigoda. Kesho kutwa alikuwa anamsimulia, mikono ikienda yenyewe, jinsi yeye na Mluzi walivyowahi kuiba embe mbichi na kukamatwa kwa sababu ya kicheko. Kila siku iliyopita iliongeza uzito. Sasa hakuwa na msiba tu wa kueleza, alikuwa na siku zote alizonyamaza pia. Usoni alikuwa amevimba macho, lakini hilo mumewe hakuliona, na yeye akajikuta anashukuru kwamba halioni. Shukrani hiyo ilimtisha.

Ijumaa jioni ilifika. Fundi alikaa na simu gotini. Giza lilipoingia alipiga yeye, ikasema haipatikani. Mkewe akasema labda ni mtandao. Akapiga tena, akapiga tena, kisha akaiweka simu mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kumwagika.

Mzigo ukamshinda mke. Jumamosi asubuhi alimweleza jirani yao, mama mmoja aliyeuza mboga mlango wa pili, kwa kuwa alihitaji kumwambia mtu. Jirani alilia naye. Mchana akaja kumjulia hali Fundi, na akaongea kwa ile sauti ya kubembeleza mgonjwa. Alipokuwa anaaga alimtazama mke wa Fundi, akamwonesha kwa mkono: umemwambia? Mke akatikisa kichwa. Fundi, aliyekuwa ameinamia kigoda katikati yao, akainua uso kidogo, akausimamisha hewani, halafu akaendelea na kazi.

Jumapili alisema kwamba kesho atapiga simu ya ofisini kwa kina Mluzi, wamuulizie. Mkewe akaona amefika ukutani. Angeweza kusema pale pale. Badala yake, Fundi alipotoka kuoga na kurudi kwenye kigoda chake, mke alijisikia anasema:

"Mluzi amepiga. Ulikuwa bafuni."

Mikono ya Fundi ikatulia juu ya kamba. "Anasemaje?"

"Simu yake ilikuwa mbovu. Anasema anatusubiri."

"Alianza kwa mluzi?"

"Alianza."

"Hebu nipigie nisikie."

Alisubiri mumewe acheke, lakini Fundi hakucheka. Alikuwa amegeuza sikio upande wake. Mke akakaza midomo, akapuliza. Ilitoka pumzi tupu. Akalowesha midomo na kujaribu tena, na safari hii hata pumzi haikutoka, kilitoka kilio.

"Amekufa lini?" Fundi aliuliza.

Akamweleza yote, simu ya dada, kifua, hospitali, maziko. Fundi alisikiliza bila kusogea. Hakuuliza Mluzi alikufaje. Aliuliza ni nani mwingine anayejua.

"Jirani tu."

"Jana alipokuja, mlikuwa mnaongea juu ya kichwa changu."

"Aliniuliza kwa mkono. Nikamjibu kwa kichwa."

"Nilihisi. Toka utotoni watu wananifanyia hivyo. Wanakonyezana, wanaoneshana vidole, halafu wananigeukia na sauti tamu. Shuleni tulikuwa tunaambizana na Mluzi kwamba dunia ya wenye macho ina lugha ya pili, ya kutusengenyea tukiwepo. Humu ndani nilijua lugha hiyo haiingii. Kwako sikuwa natega sikio."

"Niliogopa kukuvunja moyo."

"Ungevunjika siku moja. Wewe umeniacha nikacheka. Umeniacha nimsukie maiti kigoda."

Hakupandisha sauti. Angefoka, mkewe angejua pa kushika. Alitafuta kisu chake kwa mkono, akakata kamba za kigoda katikati, moja moja, akaiweka fremu kando na kwenda kulala mchana kweupe.

Siku zilizofuata waliishi kama wapangaji wawili wanaogawana jiko. Fundi alijibu akiulizwa. Alikula alichopewa. Watu walikuja kutoa pole, akawapokea vizuri, akawachekesha hata, kisha wakiondoka nyumba inarudi kuwa baridi. Mkewe alimwomba msamaha mara kadhaa. Kila mara alimjibu kwamba amemsamehe, na wote wawili walijua kwamba alikuwa anajibu ili mazungumzo yaishe.

Siku moja, akiwa jikoni, mke alimsikia anaongea na dada yake Mluzi kwa simu. Alisema atakuja siku ile ile waliyokuwa wamepanga. Atakuja peke yake.

Mkewe alitoka na mikono yenye maji. Alimkumbusha kwamba ana likizo, kwamba tiketi ni mbili, kwamba hajawahi hata kukanyaga huko. Fundi alisema anayajua yote hayo. Mluzi naye alikwenda peke yake mara ya kwanza, hakuwa na wa kumshika mkono. Mkewe hakubishana. Alimpigia pasi mashati, akayakunja jinsi anavyokunja mashuka ya wageni, kona kwa kona, ili akiyapapasa ayatambue upande wa mbele.

Siku ya safari alimsindikiza stendi. Fundi alitembea na fimbo yake, hakumshika bega kama kawaida, na pale penye mtaro mkewe alisema tu, "Mtaro," Fundi akaruka. Mlangoni mwa basi kondakta alimtazama mwanamke juu ya kichwa cha Fundi, akamuuliza huyu anashuka wapi.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Anasikia."

Kondakta akamuuliza mwenyewe. Fundi akajibu, akapanda ngazi, akatafuta kiti chake. Basi lilipoondoka alikuwa ameelekeza uso mbele.

Ile likizo mkewe aliimalizia nyumbani. Asubuhi aliamka saa ya kazi, akakumbuka, akalala tena macho yakiwa wazi. Alifagia mabaki ya kamba. Alijua kila siku ingekuwa ya nini: leo ni lifti, leo ni visikilizio, leo ni bendi. Alimpigia mumewe mara moja. Fundi alimwambia amefika salama na dada yake Mluzi anamtunza vizuri. Nyuma ya sauti yake palikuwa na honi, na watu, na kitu kama mashine kubwa, na alitamani aulize ni nini, lakini Fundi alishaaga.

Hakumaliza wiki. Alirudi Ijumaa, amechoka, shati la mwisho halijafunguliwa mkunjo. Alikaa mezani, akaeleza kwa maneno machache kama anayetoa taarifa. Alikwenda kaburini, akaligusa, udongo bado ulikuwa haujashikana. Alikaa chumbani kwa Mluzi, chumba kidogo kuliko alivyodhani, akakuta kila kitu kiko pale ambapo yeye mwenyewe angekiweka. Alikwenda ofisini kutoa shukrani, na kwenye kile kiti tayari alikuwa amekaa mtu mwingine, kijana mwenye adabu.

"Na ndege?" mkewe aliuliza.

"Sikwenda. Sikuwa na hamu."

Jumamosi ilipita. Viatu vya kutembelea mkewe alianza kuvivaa kazini.

Mambo hayakurudi kama yalivyokuwa. Hawakugombana, na waliomwona Fundi na mkewe barabarani wasingegundua kitu, maana baada ya muda alianza tena kumshika bega. Lakini mkewe akisema mvua imeanza, Fundi alinyoosha mkono dirishani. Akisema mteja amelipa pesa kamili, alizipapasa noti. Hakufanya kwa ubaya. Mkono ulikwenda wenyewe, na kila ulipokwenda, mke aligeuka na kujishughulisha na jambo lingine.

Mke akaanza kumwambia kila kitu. Alimwambia kwamba shati lina doa, kwamba mteja ametoka amenuna, kwamba nywele zake zimekuwa nyeupe upande mmoja kuliko mwingine, kwamba leo kazini ameunguza shuka na msimamizi amemsema mbele ya wenzake. Vingine vilimchoma Fundi, na yeye aliona vinavyomchoma, lakini hakuacha. Fundi alisikiliza. Mara nyingine aliguna. Siku moja mkewe aliposema mvua imeanza, mkono ulibaki gotini. Siku iliyofuata ulikwenda tena.

Ilifika asubuhi moja Fundi alipokuwa amemaliza kiti cha mteja aliyekuwa anakisubiri uani. Mkewe alikipokea ili akitoe nje, akasimama nacho mlangoni. Katikati ya kikalio kamba moja ilikuwa imeruka mstari. Hakuwahi kuona kosa kwenye kazi ya mumewe. Mteja asingeliona, na zamani yeye asingelisema.

"Umeruka hapa," alisema, akamrudishia, akamwekea kidole juu ya pengo.

Fundi alilipapasa kwa muda mrefu. Uso wake ukaingia giza, na mkewe akasimama pale pale, hakuondoka.

"Mwambie aje kesho," alisema Fundi, na akaanza kukifumua.